Vipimajoto Vinane vya Jengo la Mama Minza

Mwezi uliopita Mama Minza alinipigia simu, na kama kawaida yake hakuanza na salamu. "Yusta, Jumamosi njoo Mpanda ule wali. Injinia naye anakuja kwa treni. Jengo namkabidhi Minza, mimi magoti yamekataa ngazi." Nikamuuliza nifike saa ngapi. Alicheka mpaka simu ikakoroma. "Wewe na saa zako! Safari hii sikwambii saa. Njoo tu." Nilikata simu nikicheka peke yangu, na kijana tunayekaa naye chumba cha habari hapa Sumbawanga akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia hapana, nimekumbushwa mwaka niliofanya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini, na kwamba nililifanya kwa sababu nilikuwa mtu wa kuzingatia muda. Hakunielewa. Ndiyo maana naandika.

Habari za nyumbani kwetu naziacha. Zina watu wengi na hapa hazihitajiki. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, nangoja majibu ya chuo cha uandishi wa habari, na nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya Mama Minza. Mpanda ilikuwa bado wilaya chini ya Rukwa. Umeme ulitoka kwenye majenereta ya mji na ulikuja kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja, barabara ya kwenda stesheni: juu vyumba kumi vya wageni, chini maduka sita yaliyobanana, na mbele yote, upande wa magharibi, vioo vya bluu kutoka sakafuni mpaka darini. Mama Minza alikuwa ameviona Mwanza akavipenda. Yeye na marehemu mumewe walishuka zamani kutoka Usukumani na ng'ombe wao, wakatulia Mwamkulu, na jengo lile lilitokana na nusu ya zizi. Watu walikuja kutoka vijijini kujiangalia kwenye vile vioo. Akina mama walivua vilemba na kuvifunga upya mbele ya duka la dawa, na Kasiani, mwenye duka, aliwasubiri wamalize ndipo aulize wanaumwa nini.

Shida ilikuwa mchana. Jua likishavuka utosi lilianza kuingia kwenye vioo, na kufikia saa kumi maduka yalikuwa kama tanuri la mkate. Wateja walisimama nje na kuagiza kwa kupaza sauti. Muuza simu aliweka bidhaa zake chini ya meza zisiharibike. Kasiani alihamisha dawa za maji kutoka rafu hadi rafu kama mtu anayehamisha watoto wasinyeshewe. Wapangaji walivumilia msimu wa kwanza. Wa pili ulipokaribia walimfuata Mama Minza wote sita, wakakaa kwenye makochi ya mapokezi, na Kasiani akasema kwa niaba yao. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, najifanya naandika. "Mama, sisi tunakupenda. Lakini joto la Oktoba likitukuta humu tena, tutapendana kwa mbali."

Mama Minza alikuwa na jibu. Fundi wa viyoyozi alikuwa amepita, amepima, ameacha karatasi: kiyoyozi kila duka, na jenereta kubwa uani kwa siku ambazo mji hauna umeme, yaani siku nyingi. Ili kuvipata ilibidi iende mnadani nusu ya pili ya zizi la Mwamkulu. Ng'ombe wale ndio waliobaki. Alichagua mnada wa mwisho wa Septemba, akaacha kulizungumzia. Lakini nilimsikia siku moja akiongea na bintiye Minza pale ngazini, kwa Kisukuma, lugha ambayo nilikuwa nimeanza kuiokota kidogo kidogo. Alikuwa anawataja ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na Minza alikuwa anaitikia kila jina.

Injinia Sabina alikuwa amefika mwezi wa sita. Alikuwa mtu wa Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga, mfupi, anatembea haraka, anasomea shahada ya pili ya uhandisi Dar es Salaam. Nilimwandikisha chumba namba tatu. Alikuwa na begi la nguo, kompyuta ndogo ya kubeba, na kasha lenye vipimajoto vinane vilivyofungwa kila kimoja kwenye kipande cha kanga. Siku ya pili nilimkuta anapima kuta za korido kwa utepe. Siku ya tatu Mama Minza akapanda mwenyewe.

"Wewe ndiye wa namba tatu? Nasikia unapima nyumba yangu. Unataka kuinunua?"

"Shikamoo mama. Hapana. Nataka kujua kwa nini inachoma."

"Marahaba. Inachoma kwa sababu ya jua. Nyie wa Mpimbwe mmesoma mpaka mmesahau jua?"

"Jua lilikuwepo kabla ya vioo vyako, mama."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake alivuta kiti. Walielewana siku hiyohiyo: Sabina angekaa chumba namba tatu bure hadi Oktoba, na kabla ya mnada angempa Mama Minza jibu, anunue viyoyozi au asinunue. Alimweleza kazi yake hivi, nami niliinakili jioni ile kwenye daftari ambalo ninalo mpaka leo: inaitwa uigaji, unalijenga jengo upya ndani ya kompyuta, kuta zake, bati lake, vioo vyake, unaliwashia jua la Mpanda saa kwa saa mwaka mzima, halafu unaiuliza kompyuta kila chumba kitakuwa na joto gani. Ukitaka kuondoa kioo, unakiondoa humo kwanza. Ukikosea hujavunja tofali la mtu. Mama Minza alitazama kile kiwambo, ambako jengo lake lilionekana kama boksi la kijivu. "Na wapangaji wangu umewatia humo?" Sabina akasema amewatia, kwa sababu mtu mmoja anatoa joto kama la balbu kubwa. "Basi Kasiani usimhesabu," alisema Mama Minza akisimama. "Huyo balbu yake imeungua."

Mimi niliingia kwenye kazi hiyo kwa sababu ya kitabu cha wageni. Kitabu hicho nilikiandika vizuri kupita kiasi: nani kafika, saa na dakika, kabeba nini, kauliza nini. Sabina alikisoma akiwa anasubiri chai, akakisoma tena. "Nani kakwambia uandike kwamba mgeni wa namba saba kauliza maji ya moto mara tatu?" Nikamwambia hakuna. "Basi wewe ndiye ninayekutafuta." Kompyuta, alisema, inaweza kudanganya kama haina mtu wa kuisuta. Mtu huyo angekuwa mimi. Tungetundika vipimajoto sita madukani, kimoja ghorofani, kimoja nje kivulini, nami ningevisoma saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa kumi jioni, kila siku, bila kukosa. Kama daftari langu na kompyuta yake vingekubaliana, basi kompyuta ingeaminika hata kwa mambo ambayo hayajajengwa bado.

Nilipoanza kusoma, saa nane ilinishinda mara moja, kwa sababu ndio wakati mabasi yalipoingia na wageni wakaja kaunta kwa mkupuo. Sabina akaifuta. "Kubwa ni saa kumi," alisema. "Hapo ndipo jengo linaposema ukweli." Basi saa kumi kamili, kila siku iliyoletwa na Mungu, nilishuka ngazi na daftari kifuani. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa nimejiona tayari mtangazaji, na hii ilikuwa taarifa yangu ya habari. Nilibisha hodi hata kwenye milango iliyo wazi. Wapangaji walianza kurekebisha saa zao kwa kuniangalia. "Yusta kapita, saa kumi," alikuwa anasema Mama Sado, mwenye mgahawa wa mwisho, na kuinjika chai ya jioni. Walinipokea vizuri sana. Kasiani alikuwa akivaa shati safi na kusimama nyuma ya kaunta kama mtu anayepigwa picha. Duka lilinukia sabuni. Kipimajoto kilisema thelathini, pengine thelathini na moja. Nikaandika, nikashukuru, nikaenda la pili.

Chumba namba tatu kilikuwa na kitanda, meza moja, na dirisha linaloangalia uani ambako Mama Sado alipikia. Sabina alifanya kazi pale akiwa amekunja miguu kitandani, na mimi, baada ya zamu yangu, nilikaa sakafuni na kumsomea namba. Tulikula alichokileta Mama Sado: wali na migebuka kutoka ziwani, au ugali na maharage, na siku za Mama Minza kuja zilikuwa za michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoifunga kwenye kitambaa. Umeme ukiwepo kompyuta ilifanya kazi. Usipokuwepo tulisubiri, na kusikiliza mazungumzo ya uani. Humo ndimo nilijua nani anamchumbia nani, nani kasema wali wa Mama Sado una mawe, na kwamba fundi wa viyoyozi alikuwa anasema mjini kuwa yule dada wa Mpimbwe anacheza gemu.

Namba hazikukubaliana. Kompyuta ilisema duka la Kasiani saa kumi jioni lina nyuzijoto thelathini na sita. Daftari langu lilisema thelathini. Duka la simu, thelathini na saba kwa kompyuta, thelathini na moja kwangu. Asubuhi tulikubaliana vizuri, na ghorofani tulikubaliana hata jioni, lakini madukani saa kumi kompyuta ilikuwa mwongo wa wazi. Sabina aliniuliza kama nasoma kwa jicho moja. Niliumia. Nikamwambia aje asome mwenyewe. Alikuja, tukashuka pamoja saa kumi kamili, nami nikabisha hodi kama kawaida. Thelathini. Kasiani alimwinamia kama waziri. Sabina alirudi juu, akaanza kuibadili kompyuta ili ifanane na daftari. Aliongeza unene wa kuta. Alipunguza ukali wa vioo. Alipunguza watu. Alichukua wiki tatu, na kila jioni nilimletea namba mpya nzuri kama za jana, nami nilijivuna kwamba daftari langu ndilo linaloinyoosha kompyuta ya chuo kikuu.

Kufikia katikati ya Septemba vyote viwili vilikubaliana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sabina aliiuliza kompyuta iliyonyooshwa: tukiondoa vioo, tutapata nafuu gani? Ikajibu: karibu hakuna. Tukiweka kivuli mbele? Karibu hakuna. Kwa kompyuta ile jengo la Mama Minza lilikuwa jengo zuri lisilo na tatizo. Mama Minza aliitwa kusikia. Alikaa kwenye kile kiti, akasikiliza hadi mwisho, akijipepea na ukingo wa kanga. "Kwa hiyo," alisema, "kompyuta inasema hakuna joto." Sabina akasema ndivyo inavyosema. Mama Minza alijifuta jasho shingoni, akalitazama kwenye vidole, akamwonyesha. "Na hiki ni nini, ng'wanone, mwanangu? Umande?" Hakuwa amekasirika. Alisimama pole pole, akasema amewaagiza vijana waanze kuwakusanya ng'ombe, kwamba wataondoka Mwamkulu alfajiri ya siku moja kabla ya mnada, na kwamba Sabina asione vibaya, amekaa naye vizuri. Baada ya hapo Sabina alilala amefunika uso kwa mto, na mimi nilikaa na daftari langu safi lisilo na doa, nikilitazama kama mtu aliyeshuhudia uongo mahakamani bila kujua.

Siku mbili baadaye Mama Minza aliumwa kichwa. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na kitu. Aliniita kaunta akaniambia niteremke kwa Kasiani nikamletee vidonge. Nilishuka bila daftari, bila kuangalia saa, bila hodi. Niliposukuma mlango joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kasiani alikuwa nyuma ya kaunta amevaa fulana tu, shati limetundikwa kwenye msumari, miguu yake yote miwili ndani ya beseni la maji. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na mbele yake yalikuwa maboksi ya dawa hadi juu. Nilitazama ukutani. Kipimajoto kilisema thelathini na tano, na saa kumi bado.

"Mbona mapema leo?" aliuliza Kasiani, akitafuta viatu. "Sijajiandaa."

"Kujiandaa nini?"

"Kukupokea! Wewe si huja saa kumi?" Alikuwa ameshavaa shati, vifungo vimepishana. "Saa tisa na nusu huwa naondoa maboksi, nafungua nyuma hewa ipite, namwaga ndoo mbili za maji, moja humu na moja barazani, nadeki, navaa. Mgeni wa injinia aje akute chumba kinanuka jasho? Tutaonekana watu gani?"

"Kila siku?"

"Tangu mwezi wa saba. Na mgongo unaniuma, usiniulize."

Nilimuuliza kwa nini basi asiache mlango wa nyuma wazi siku nzima. Akaniangalia kama mtu wa kutoka mbali. Nyuma ni uchochoro, alisema, na mlango ni wa mbao, ukiwa wazi mtu anaingia anabeba boksi na kuondoka nalo. Anapokuja mgeni anasimama mwenyewe mlangoni nusu saa, basi. Nilisahau vidonge. Nilipita maduka yote. Muuza simu, maji. Fundi cherehani, maji, na mlango wa nyuma. Mama Sado ndiye aliyenimaliza: kipimajoto chake hakikuwa ukutani kabisa. Kilikuwa kimelala juu ya kifuniko cha mtungi wa maji ya kunywa, kwenye kivuli, juu ya kitambaa. "Huwa nakirudisha ukutani ukikaribia," alisema. "Ni kitu cha watu, Yusta, kimetoka Dar. Kikipasuka kwa joto nitamlipa nini yule dada?"

Nilipanda ngazi nikikimbia, na kumweleza Sabina nikiwa bado mlangoni. Alinisikiliza, mdomo ukaanza kumcheza, kisha akaanguka kitandani akicheka mpaka Mama Sado akauliza toka uani kuna nini. Halafu akakaa ghafla. "Yusta. Ndoo mbili na mlango wa nyuma vinatoa nyuzi sita?" Sasa aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Tulichokuwa tunakiita kosa kilikuwa pia jibu. Kwa miezi mitatu wapangaji walikuwa wamelipoza jengo mbele ya macho yetu kila siku kwa nusu saa, kwa ajili ya adabu tu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kulipoza kwa ajili yake mwenyewe. Maji hayangeweza kumwagwa kutwa nzima. Lakini nyuma ya jengo ni mashariki, jioni kuna kivuli, na upepo wa kiangazi unatoka huko huko.

Aliirudisha kompyuta kwenye namba zake za zamani, zile nilizozisuta. Kisha akalijenga jengo tena humo: mlango wa nondo nyuma, upitishe hewa lakini usipitishe mwizi, matundu juu ya mlango wa mbele ili joto litoke, na kivuli mbele ya vioo, baraza la bati lenye kushuka chini. Akaiuliza. Ikajibu: duka la Kasiani saa kumi, thelathini na moja, bila tone la maji. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya mnada. Mama Minza aliposikia alisema jambo moja tu. "Mlisema hakuna joto, sasa mnasema lipo na mnalitoa kwa nondo. Nitaamini lini?" Sabina akamwomba duka moja. Fundi wa kuchomelea alitengeneza mlango wa nondo kwa siku mbili. Baraza la bati halikuwezekana, tukatundika mbele ya vioo mikeka mitatu ya matete juu ya nguzo za miti, watu wa kijijini wakalalamika kwamba hawajioni tena. Matundu Kasiani aliyatoboa mwenyewe kwa nyundo, akilaani. Sabina aliandika namba kwenye karatasi, akaikunja, akampa Mama Minza aifunge kwenye pindo la kanga. "Usiifungue. Njoo saa yoyote baada ya saa tisa. Usituambie, na usiwaambie wao."

Siku moja kabla ya mnada ng'ombe waliondoka Mwamkulu alfajiri kama alivyosema, wakiswagwa na mdogo wake Mama Minza. Mnada ulikuwa wa kesho yake asubuhi, wangelala njiani. Mama Minza mwenyewe sikumwona mchana wote. Sabina aliketi na mimi kaunta akikunjua na kukunja ankara za watu. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sikushuka. Saa kumi na nusu tulisikia sauti yake chini, haibishi hodi popote. Tuliposhuka tulimkuta katikati ya duka la Kasiani, amesimama, mikono kiunoni. Kasiani alikuwa ameketi, hajavaa shati. Alikuwa ametahayari kiasi kwamba alijifunika kifua kwa boksi la pamba. Mama Minza aliinama, akagusa sakafu kwa kiganja. Kavu. Aliingiza mkono nyuma ya kaunta, akatafuta ndoo. Hakuna ndoo. Aliusukuma mlango wa nondo kuona kama kuna mtu uchochoroni. Kisha akaniita. "Soma. Kwa sauti."

"Thelathini na mbili, mama."

Akafungua pindo la kanga, akanipa karatasi. Nikaikunjua. Ilikuwa imeandikwa thelathini na moja. Sabina alifumba macho. Nusu ya maisha yake ilikuwa ndani ya tofauti ile ya nyuzijoto moja. Mama Minza aliitazama karatasi, akatazama ukuta, akatoka akaingia duka la simu lililopakana, ambalo halijaguswa, akakaa humo kama unavyoweza kukaa ukihesabu hadi hamsini. Alirudi uso wote umelowa. "Kule ni moto," alisema. "Hapa ni hapa." Kisha akapiga kelele ambayo nadhani walisikia stesheni: "Nani ana pikipiki?" Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa, kwa hiyo Kasiani, fulana tupu, alipanda nyuma ya pikipiki ya muuza simu, wakaondoka kwa vumbi kuwarudisha ng'ombe. Mama Sado alitoka na mwiko mkononi. "Anakwenda wapi yule hajavaa?" Mama Minza akamjibu, "Balbu imewaka, mwache."

Chuo kilinijibu mwezi uliofuata na nikaondoka. Nimekuwa mwandishi wa habari tangu wakati huo, na nimeingia ofisi nyingi zilizonukia sabuni. Kila ninapokaribishwa vizuri kupita kiasi hujiuliza walianza kudeki saa ngapi. Kwenye chumba chetu cha habari vijana wananiona mkorofi kwa sababu nawatuma kwenye shule na zahanati siku ambayo hawajatarajiwa. Si ukorofi. Mtu anayeficha na mtu anayeheshimu wanaweza kufanya jambo lilelile kabla hujafika, na ukija kwa saa yako huwezi kuwatofautisha. Kosa lilikuwa langu mimi, mwenye hodi na saa kumi kamili. Wao walifanya kilichowapasa kwa mgeni.

Jumamosi ile ya wali nilifuata agizo. Sikumwambia mtu saa. Nilishuka kwenye basi, nikachukua bajaji, nikamwambia dereva aniache mbali kidogo, nikatembea. Mbele ya jengo kuna baraza la bati sasa, limeshachujuka rangi, na vioo viko kivulini, vya bluu bado. Umeme siku hizi upo, na kila duka lina feni inayozunguka taratibu. Kiyoyozi hakuna hata kimoja. Sauti ya Sabina niliisikia toka uani, inabishana na Mama Minza kuhusu wali wa wapi ni mtamu, wa Mpimbwe au wa Mwamkulu. Kabla ya kwenda kwao nilisukuma mlango wa duka la dawa. Kasiani ameota mvi. Kipimajoto bado kiko ukutani, msumari uleule. Nikakisogelea. Ishirini na saba. Nilifurahi, nikasema moyoni kazi nzuri inadumu, nikatoa kalamu. Ndipo nilipohisi ubaridi kwenye vidole vya miguu, nikatazama chini. Sakafu ilikuwa inang'aa kwa maji. Kwenye kona, ndoo mbili.

"Kasiani!"

"Shida yenu hamkusema saa," alisema, akijishika kiuno. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. "Namwaga tangu saa mbili asubuhi, kila saa. Karibu, dada. Karibu sana."

Niliandika ishirini na saba, kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, kwamba sakafu imelowa, nikaenda kula.